Beseni Lenye Mlango

Jumamosi, 4 Mei

Nimeoshwa tena kama gari. Mwanangu ana haraka ya kazini hata siku asiyokwenda kazini. Kichwa, mgongo, miguu, maji! "Baba, inua mkono." Upi? Wa kulia hauinuki tangu nipate kiharusi. Anajua, ila kila asubuhi anasahau, nami nimechoka kumkumbusha.

Habari yenyewe kaitoa akinikausha masikio. Kazini wanamhamishia mji mwingine, kwa muda mrefu. Ataondoka Jumatatu ya tarehe ishirini.

Masikio yakakauka papo hapo.

Hatukuulizana swali, ingawa lilikuwa limekaa katikati yetu na ndoo. Akiondoka, nyumbani tunabaki mimi na mkewe. Mkwe wangu hana neno. Ananipikia, ananipa dawa, tunaicheka taarifa ya habari pamoja. Lakini kuna vitu mkwe hapaswi kuviona, na vyote ninavyo mimi.

Kwa hiyo nimeamua. Kabla ya siku hiyo nitakuwa naoga mwenyewe. Peke yangu, mlango umefungwa.

Jumapili, 5 Mei

Nimekwenda kulikagua bafu letu, nikiegemea ile fremu yangu ya miguu minne. Kizingiti kirefu, mguu wa kulia hauvuki. Vigae vinateleza. Hakuna pa kujishikia ila kishikio cha taulo, na hicho hata taulo lenyewe kinalishika kwa shida.

Nilitengeneza saa za watu mpaka macho yakachoka, na hakuna aliyenifundisha. Ukiona kitu hakizunguki, tafuta kinachokikwamisha, kitoe. Basi hapa kizingiti kivunjwe. Sakafu iwe bapa, na mteremko kidogo wa maji. Kiti cha plastiki. Vyuma viwili ukutani. Bomba la mvua la kushika mkononi, upande wangu wa kushoto. Kwisha.

Mwanangu kanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wote. "Baba, hilo ni bafu la bweni. Wewe unastahili kitu kizuri."

Hapo nikajua nimekwisha. Mtu akishakwambia unastahili, haulizi tena unataka nini.

Jumatano, 8 Mei

Duka la vifaa vya bafu. Taa kila mahali, mpaka vyoo vinaonekana kama vinasubiri kupigwa picha. Muuzaji ana tai nyembamba na anaongea juu ya kichwa changu. Mzee anakaa vizuri? Mzee anasikia? Mwanangu anamjibu. Mzee yupo hapo hapo, anasikia vizuri mno.

Ndipo wakanionyesha. Beseni la kuogea, refu kama kabati lililokatwa nusu, na ubavuni lina mlango. Unaingia, unafunga, unakaa kwenye kiti chake, unafungulia maji mpaka kifuani. Mwanangu macho yakamng'aa — mara ya mwisho kuyaona hivyo alikuwa kaletewa baiskeli.

Nikauliza, maji yakishajaa, mlango unafunguka? Muuzaji akamgeukia mwanangu. "Mwambie mzee haufunguki. Atoe kizibo, asubiri yaishe. Wateja wengine wanasoma gazeti."

Wakaniingiza nijaribu. Na viatu! Muuzaji akafunga mlango, klik. Watu wakawa wanapita wakinitazama. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama babu naye anauzwa. Sikusikia jibu.

Mwanangu kasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Hili mlango uko kulia. Sisi tunataka wa kushoto. Mkono wake mzima ni wa kushoto." Amekumbuka! Nilifurahi. Ila kwa vile nilivyokuwa nikitazamwa, ningekubali hata uwekwe darini ili mradi nitolewe.

Jumatatu, 13 Mei

Fundi bomba anavunja. Sijaoga. Vumbi ndilo limeniogesha mimi.

Jumamosi, 18 Mei

Beseni limefungwa mahali pake. Mwanangu kanishika kiwiko, kanitembeza hadi ndani, kanikalisha. "Haya Baba, jaribu."

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Kigae. Nikanyoosha tena kana kwamba kigae kingeona aibu kisogee. Ukuta mtupu. Mlango, komeo lake, mnyororo wa kizibo, vyote vimekaa kulia, kwenye mkono uliolala.

Nikamtazama mwanangu aliyesimama mbele yangu, mikono kiunoni, na nikaelewa. Kule dukani alisimama hivi hivi. Kulia aliyoikataa ilikuwa kulia kwake. Kwangu mimi niliyekaa ilikuwa kushoto. Lile la dukani lilikuwa sawasawa kabisa, tukalikataa, tukaagiza kosa.

Fundi bomba kasema yeye amefunga kilicholetwa. Kweli tupu.

"Unaonaje, Baba?" Masanduku yake yapo ukumbini, yamefungwa. Macho mekundu, hajalala vizuri wiki nzima kwa ajili ya bafu hili. Nikasema limekaa vizuri. Nalo limekaa vizuri. Aliyekaa vibaya ni mimi.

Mkwe alikuwa anautazama mkono wangu.

Halafu mwanangu kang'oa kufuli la mlango wa bafu. Usalama, anasema. Kwa hiyo mlango wa beseni siwezi kuufungua, na mlango wa bafu siwezi kuufunga.

Jumatatu, 20 Mei

Ameondoka. Asubuhi kaniosha kwa ndoo, kwa mara ya mwisho, polepole. Mkono wa kulia hakuniambia niuinue. Kauinua mwenyewe.

Jumatano, 22 Mei

Naandika nikiwa ndani ya beseni. Daftari limekuja kwenye mfuko wa plastiki, maana niliambiwa kuna kusubiri.

Kuingia hakukuwa kazi. Mlango niliufunga kwa mkono wa kushoto nikiwa bado nimesimama, kisha nikakaa. Maji ya moto mpaka kifuani. Peke yangu! Nimejisugua mpaka nikaanza kung'aa. Nimeimba, ubeti mmoja ninaoukumbuka, mara nyingi.

Sasa kizibo.

Mnyororo uko kulia, chini. Nikijipinda na mkono wa kushoto, kiti kinaniteleza na maji yananifika kidevuni. Nimejaribu kwa mguu, kama nilivyopanga. Nimejaribu kwa brashi ya mgongo. Sasa hivi inaelea mbali, inanitazama. Mlango unasukumwa na maji, haung'oki.

Mkwe kabisha. "Baba, umemaliza?"

"Bado."

Kaondoka. Karudi. "Baba, nimwite fundi bomba?"

Nimesema fundi bomba hajawahi kuniona hivi, asianze leo. Kacheka kidogo.

"Basi niingie mimi. Nitafumba macho."

"Ukifumba macho utaanguka, tutakuwa wawili wa kuokolewa."

"Nitatazama dari."

"Kizibo hakiko darini, mwanangu."

Tukacheka wote, kila mtu upande wake wa mlango. Kisha kicheko kikaisha, maji yakabaki pale pale.

Huo mlango hauna kufuli. Angeusukuma kwa kidole kimoja. Hasukumi. Nami nina mdomo mzima, wala sisemi sukuma.

Simu imelia huko ukumbini. Ni mwanangu, najua kwa namna mkwe anavyoipokea. Nasikia upande mmoja tu. Anaoga. Ndiyo, mwenyewe. Hapana, sijamsaidia. Ndiyo... amelipenda sana.

Hajawahi kumdanganya mumewe, kwa ninavyojua. Sasa tuko wawili.

Maji yamepoa. Kalamu inateleza kwenye vidole, vimekunjamana. Meno yameanza kugongana, nayafunga ili asiyasikie.

Karudi. Namwona chini ya mlango, kivuli cha miguu miwili. "Baba, maji bado ya moto?"

Nimesema ya moto sana.

Kishikio cha mlango kimeshuka nusu, kimesimama hapo hapo, kinasubiri mmoja wetu aseme neno.