Hodi Kabla ya Kufunga Kochi

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu hukuwahi kukubali mtu aingie kibandani akavamia habari za kochi kabla ya kuamkiana. Hata wateja wenye haraka zao ulikuwa unawakatisha: "Kwanza salamu, kochi halikimbii." Basi tumeshaamkiana. Sasa nikupe habari.

Kibanda kipo. Najua ndilo swali lako la pili, baada ya kuuliza paka wamekula nini. Kipo palepale nyuma ya maduka ya vitenge, Kariakoo, na ufunguo ninao mimi, kwenye kamba ileile uliyoikata kwenye kitambaa cha kochi. Paka nao wamekula. Wanapata mapupu kila asubuhi, na yule wa buchani bado ananipunja akidhani sioni. Siku moja nitamweleza, na nitamweleza kwa sauti yako.

Nataka nikusimulie kilivyonusurika, maana ilibaki kidogo tu kiwe cha kuuzia kava za simu.

Baada ya arobaini yako, Baba Mdogo Hassani alituita ukumbini, nyumbani Magomeni. Unamjua mdogo wako, akiwa na jambo zito hukohoa kwanza. Akakohoa. Akasema kibanda hakiwezi kukaa vilevile, kuna kijana anakitaka auzie kava za simu, na mimi ni mtoto wa kike, kesho nitaolewa, nyundo nitamwachia nani. Mama alikuwa akitazama mkeka. Mimi nilijibu. Nilimwambia nimekaa na wewe kibandani tangu nilipomaliza kidato cha nne, na kwamba yale makochi anayoyasifia kwenye nyumba za watu mengi nimeyavalisha kitambaa mimi. Alicheka. Halafu akatoa sharti, nadhani ili nishindwe mwenyewe bila yeye kuonekana mbaya. "Haya, Somoe. Kochi la Mama Neema likitoka kwa wakati na mwenyewe akaridhika, kibanda chako. Likikwama, nampa kijana."

Ndiyo kazi uliyoiacha mkononi. Mama Neema, yule Mchaga wa duka la vitenge la pale mbele, alikuagiza kochi la watu watatu la kuweka ukumbini siku ya kumuaga binti yake anayeolewa, Neema na mchumba wake wakalie mbele ya wageni. Fremu ulishaipiga. Mikanda ulishaikaza. Ilibaki sponji, kitambaa, na kile kitambaa cheusi cha kufunga chini. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Nilitoka ukumbini nikitembea kama mtu aliyeshapewa.

Jumatatu nikafungua kibanda, nikakuta Mwenyekiti kazaa. Ndani ya kochi la Mama Neema.

Ni yuleyule paka wako wa madoa, uliyemwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna kiti kilichotoka pale kabla yeye hajakikalia. Alikuwa ameingia kwenye uwazi wa mkono wa kushoto, akatandika mabaki ya vitambaa vizuri kuliko ninavyotandika mimi, akazaa. Vitoto vyenyewe vimefumba macho, vinatambaa kimoja juu ya kingine kutafuta ziwa. Nilishika nyundo. Akanitazama, masikio kayalaza nyuma. Nikaiweka chini.

Mtaa mzima ulikuwa na ushauri. Fundi wa masanduku akasema nivitoe usiku mama yao akienda kula. Baba Mdogo akapita saa za mchana, akachungulia, akasema, "Paka tu hao, watie kwenye boksi." Na kweli, boksi lilikuwepo.

Lakini mimi nilikusikia wewe. Ulikuwa ukisema paka aliyezaa hahamishwi mpaka watoto wafumbue macho, kwa sababu ukimgusia watoto anaona hapo pameshaingia mwizi, atawabeba kwa meno kuwapeleka juu ya bati, na jua la Dar likishawaka bati hilo halitofautiani na kikaango. Uliwahi kuwaokota wa namna hiyo. Kimoja tu kilikuwa kinapumua, ukakaa nacho kiganjani mchana kutwa, na mteja wako akaondoka kwa hasira.

Nilikukasirikia, Baba. Nikwambie ukweli. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia, na kile kilio hakikuwa cha msiba, kilikuwa cha hasira. Watu wanarithi mashamba. Mimi nimerithi paka mwenye uzazi ndani ya kazi ya mtu. Nikakumbuka na yule kunguru uliyemfunga bawa kwa kipande cha velveti nyekundu. Kunguru, Baba! Ndege anayechukiwa Bongo nzima. Akawa anatembea mbele ya kibanda na velveti yake kama bwana harusi, watu wanakuja kupiga picha, na wewe unamtetea: "Huyu hakuchagua kuwa kunguru." Siku aliporuka ulikaa nje unatazama juu mpaka shingo ikakuuma, usiku nikakusugua dawa.

Halafu nikakumbuka kochi la Ilala, nikaanza kucheka peke yangu na machozi bado hayajakauka.

Ulikuwa umefunga kochi la bwana mmoja wa Ilala, limependeza, limepakiwa kwenye kirikuu, limekwenda. Jioni bwana anakupigia simu, sauti imebadilika. Kochi linalia. Ameshaitoa familia nje. Ameshamwita mtu wa kuja kusoma dua. Ulipofika ulikuta watu wamejaa mlangoni na hakuna anayethubutu kuingia. Ukapiga magoti, ukachana kile kitambaa cheusi, akatoka paka, mchafu, na hasira zake, akapita katikati ya miguu ya watu. Na wewe ukamwomba radhi paka kwanza, ndipo ukamgeukia mwenye nyumba.

Tangu siku ile hukufunga kochi bila kugonga. Ulilipiga mbavu kwa ngumi, ukasema, "Hodi humo ndani," ukainamisha sikio ukasubiri. Kama hakuna anayeitika, unafunga. Wageni walidhani una wazimu kidogo. Baadaye wakawa hawakubali kulipokea kochi ambalo hawajakuona ukilipigia hodi, wakiamini ndiyo inayolifanya lidumu.

Nilipomaliza kucheka nilikuwa nimeshaamua. Kochi lako limepata wapangaji, basi. Nitapiga jipya.

Sikuwa na mbao. Mbao zilizokuwepo ni zile za mninga ulizozihifadhi nyumbani darini kwa ajili ya kochi la Mama. Kochi la Mama! Tangu nina akili nalisikia. Kila ulipolianza alitokea mteja, likauzwa, Mama akaambiwa la kwako linafuata. Mke wa fundi makochi anakaribisha wageni kwenye viti vya plastiki. Nilikwenda kumwomba huku naona aibu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Chukua," alisema. "Mimi nimeshazoea kusubiri kochi la Mshamu."

Basi nikapiga fremu. Sikuiga yako. Hapa usinikasirikie, Baba, maana nitajisifu. Wewe ulimpimia Mama Neema kiti cha chini, cha kujitupa, kwa sababu alipokuja kuagiza alikuwa mzima. Mimi nilimwona msibani kwako. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, na alipotaka kunyanyuka alishika bega la Mama, akashika ukuta, akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Goti limemharibikia. Kwa hiyo nikakinyanyua kiti, mikono nikaileta mbele kidogo ili apate pa kushika, sponji nikaweka ngumu chini na laini juu. Nilipiga randa mpaka mabega yakafa ganzi. Mwenyekiti alikuwa akinitazama kutoka kwenye mkono wa kochi lako, na nyundo ikilia upande wa pili wa kibanda hakujali. Wateja walipita wakiuliza fundi yuko wapi. Nikawajibu ni mimi. Mwanzoni nilijibu nikiangalia chini, kufikia Alhamisi nilikuwa najibu nikiwa na misumari mdomoni.

Ijumaa akaja Mama Neema mwenyewe, na Baba Mdogo nyuma yake, mikono mgongoni. Kochi langu lilikuwa limesimama kwa ubavu, bado sijalifunga chini. Akalitazama. Akalitazama na lile lako kwenye kona. Uso ukakunjamana.

"Lile ndilo alilolianza Mzee," alisema. "Hili la nani?"

"Langu, mama."

"Mimi nilimwagiza Mshamu, mwanangu. Nilitaka mkono wa Mshamu."

Baba Mdogo akakohoa. Nikwambie kweli, niliziona kava za simu zimening'inia ukutani. Lakini sikujitetea. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye kona, nikainua kitambaa, nikamwonyesha vile vitoto. Alivitazama muda mrefu. Akasema, "Loo, Mshamu na paka zake," na akatoa leso. Nilikuwa sijui kwamba naye alikuwa bado anakulilia.

Nikalilaza kochi langu sawa nikamkaribisha akae. Akakaa. Akajisogeza. Halafu akanyanyuka. Akasimama akitazama mikono yake kama vile haijui, kwa sababu hakuwa ameshika bega la mtu wala ukuta. Akakaa tena, akanyanyuka tena. Mdogo wako Hassani anaangalia tu.

"Umeligongea?" aliniuliza.

"Bado, sijalifunga."

"Sasa unangoja nini? Gonga nikiona."

Nikaligeuza. Nikapiga mbavu kwa ngumi, nikasema, "Hodi humo ndani," nikainamisha sikio. Mama Neema naye akainamisha la kwake, na kilemba chote. Kimya. Nikafunga. Jumamosi Neema na mchumba wake walilikalia mbele ya wageni, na Mama Neema alimwambia kila aliyeuliza kwamba limetengenezwa na binti wa marehemu Mshamu. Jumapili akampigia Baba Mdogo akamwambia kwamba mimi siku hizi ananiita "fundi Somoe". Mama Neema ndiye aliyenisimulia, siyo Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni yuleyule. Unamjua. Ila kijana wa kava za simu sikumwona tena, na wiki iliyofuata nilifika nikakuta mdogo wako amechuchumaa mlangoni na mfuko wa mapupu, Mwenyekiti anakula mkononi mwake. Aliponiona akasimama haraka, akajifuta, akasema alikuwa anapita tu.

Watoto walifumbua macho, wakatembea, wakaharibu robota zima la kitambaa cha kijivu. Mmoja yuko dukani kwa Mama Neema anawatisha panya. Wengine ninao bado, usiniulize kwa nini sijawagawa. Mkono wa kushoto ukabaki mtupu. Nikaufagia, nikachukua sponji, nikalimalizia kochi lako, na mwezi huu limekwenda kwa mwenyewe. Siyo Mama Neema. Unamjua mwenyewe ni nani.

Tulilishusha kwenye kirikuu mbele ya nyumba, majirani wote nje. Nilikuwa nimeacha kulifunga chini makusudi, nilitaka nilifunge pale anaona. Mama hakukaa. Alilizunguka akalipapasa, polepole, mgongo, kiti, mpaka akafika kwenye ule mkono wa kushoto. Akapiga kwa ngumi.

"Hodi humo ndani," alisema.

Akainamisha sikio akasubiri. Baba, alisubiri. Dereva wa kirikuu akazima redio. Alisubiri kuliko ulivyowahi kumsubiri paka yeyote. Kisha akanyooka, akanipa ishara, nikafunga. Ndipo akakaa, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, Mshamu. Nimelipata."

Nimekuandikia kibandani, kigodani kwako, Mwenyekiti kalala juu ya karatasi za mwanzo na ninaogopa kumsogeza. Mungu akuweke mahali pema, na huko uliko akuruhusu na paka. Nakuahidi hakuna kochi litakalotoka hapa bila hodi. Mlango nimeuacha wazi, kuna mteja amesimama nje anaangalia ndani, anatafuta fundi. Ngoja nikamwitike.

Mwanao,
Somoe, fundi makochi