Kanzu Haipandi Pikipiki

Salimu, una wazimu? Nakupa salamu kwanza, maana salamu ni ya Mungu, lakini una wazimu?

Sisi wazima. Dada yako yuko ndani anapakwa singo, mwili unukie, nikaha ni Ijumaa. Nawe waniuliza kama utoke Nairobi kwa pikipiki na kanzu mwilini, ili uingie msikitini moja kwa moja!

Sikiza. Nilipoolewa, babu yako alinipakia pikipiki kwenda Malindi kwa wakwe. Nikavaa buibui jipya, nionekane. Kufika Kilifi mnyororo ukalitafuna mpaka kiunoni, tukaanguka mchangani. Babu yako akapiga ukelele, "Mke wangu, uko?"

"Mimi niko. Buibui ndilo haliko!"

Niliingia kwa mamamkwe nimejifunga turubai, na kiburi changu chote kimeishia njiani. Yule mama hakuuliza nguo. Alinishika mikono akanihesabu vidole, kimoja kimoja, kisha ndipo akacheka.

Baba yako hayupo, walii ni wewe. Ukivunjika, dada yako ataozwa na nani, paka wa hapa Makadara, Mombasa?

Vaa suruali nzito na helmeti. Kanzu itie kwenye basi leo hii.

Nyanya yako