Ndege Iliyoshuka Kiubavu

Arusha, Februari 1916

Mume wangu Kasaine,

Sisi tupo, ila usingizi sina, Namelok anaota meno. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeandika nimlete mtoto huko kambini Kahe, kwa kuwa ndege Ulaya ya Waingereza imeanguka na hatari imekwisha. Haikuanguka. Niliiona nikipalilia. Ilikuwa juu sana, ikalala ubavu, pua ikatazama pembeni, ikateremka upesi kuelekea Olasiti. Askari wa hapa, waliokuwa wakiipiga risasi, wakashangilia, "Tumeiua!" Mdogo wako Lomayani akacheka.

"Basi mama yetu hufa kila masika, maana hushuka mlimani vivyo hivyo na ndizi mgongoni."

Ni kweli. Ukishuka kiubavu, mteremko haukukimbizi. Ilipokaribia miti ikajiweka sawa, ikapita chini chini juu ya mahema ya askari, ikaenda zake. Juzi ikarudi na mabomu, ikayaangusha kwenye mahema yale yale. Askari wawili tumewazika.

Usidhani nimekuchoka. Usiku nalala upande wangu tu, wako nauacha. Lakini mtoto simleti kwenye mahema mengine. Ukipata upenyo, rudi wewe. Kama utakasirika, kasirika, mradi uwe hai.

Mkeo,
Naipanoi