Mawe ya jiko la Gasper

We Mbuke! Kaka Gasper amepigwa hapa hapa uani kwetu, jino limetoka!

Si unajua anavyopendaga kujijengea vitu mwenyewe? Jumapili tulienda kutembea kwenye vilima vya Kisorya, akaona rundo la mawe bapa mazuri. Halikuwa na msalaba wala nini, akajua ni mawe tu. Akayapakia kwenye pikapu, akajenga jiko la kuchomea samaki, akaliweka na picha yake status.

Leo tunageuza sato, Mwandu huyo, rafiki yake wa Kisorya, na nyundo ya kupasulia mawe. Hata hodi hakuna! "Unachoma samaki juu ya baba yangu?"

Mbuke, kumbe lile rundo ni kaburi la baba yake!!

Gasper akacheka, akidhani utani. Ngumi ya mdomo. Akaanguka kwenye makaa, Mwandu akamkanyaga kifuani, nyundo juu, majirani wakamdaka mkono. Akaligeukia jiko, akalivunjavunja huku analia.

Sasa Gasper anapakia mawe ayarudishe, damu inamchuruzika.

Ila Mwandu anasema yamepungua. Matatu.

Mbuke, yale mafiga aliyokuletea Gasper, umeyabandikia sufuria? Ipua. Mwandu anakuja kwako, na nyundo anayo.