Mabega ya Kipkosgei

Shangazi Abigael, naomba unisaidie maana nimefika mwisho. Mume wangu Kipkosgei aliambiwa anaenda ng'ambo kulinda ghala, kumbe alipofika akavalishwa magwanda akapelekwa vitani, akanitumia ujumbe mmoja tu kisha kimya, sasa nikaanza kumtafuta kwa video za hiyo vita, na nikitazama moja simu inaniletea zingine, maiti juu ya maiti. Siku moja nikaona mwanamume mweusi amelala kwa matope, uso hauonekani vizuri lakini mabega ni ya Kipkosgei, na tukingoja lori kwa kituo cha kupimia majani chai nikawaonyesha kina mama, wakalia, wakatumiana, na kesho yake simu zao zote zikawa zinaonyesha hiyo tu bila kutafutwa, nikajua basi ni kweli. Mama mkwe, Yunia, akanyoa nywele kwa ajili ya matanga. Lakini juzi nimeiona kwa ukurasa mwingine, wanasema ni mtu wa nchi nyingine, na iliwekwa hapo kabla Kipkosgei hajatoka nyumbani. Mama ndio ameanza kula kidogo, nikimwambia nitammaliza. Halafu kuna namba za nje zinanipigia tangu matanga, sipokei, naogopa ni matapeli. Nifanye nini?

Fancy, Kaplong

Fancy mwanangu, pole sana. Nimelia, kisha nimekasirika, na hasira bado ninayo. Nani alikuambia simu inajua mumeo alipo? Inajua tu macho yako yanasimama wapi, na yakisimama kwa maiti inakuletea maiti. Za majirani zilionyesha hivyo kwa sababu mliitazama na kutumiana wenyewe mkingoja lori. Mabega, Fancy! Umempeleka mama wa watu kwa wembe kwa sababu ya mabega.

Sikudanganyi kwamba yuko hai. Vita vinaua. Lakini mwite mchungaji leo, umwambie mama Yunia ukweli: hatujui. Ataumia, mshike. Kisha wewe na kina mama futeni hiyo video, maana yule aliyelala kwa matope ana mama yake pia.

Na hizo namba za nje. Huenda ni matapeli kweli, huenda ni mtu wa kukuletea habari mbaya. Lakini mwanamume aliyenyang'anywa simu huko vitani huazima ya mwenzake apige nyumbani. Umekaa ukimlilia maiti wa wenyewe huku simu inaita mkononi mwako. Pokea.