Fukwe Tatu na Mume Asiyeulizwa

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla hatujafungasha, maana nakuandikia kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni, mume wangu yuko chumbani ameugeukia ukuta, binti yetu hasemi na mimi, na likizo tuliyoitamani muda mrefu imeniharibikia mikononi.

Mimi nashona mapazia. Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka, na nasema alikuwa kwa sababu aliteleza kutoka juu ya paa la ghala, mimi nikapigiwa simu nikiwa kwenye cherehani, roho yake ikapona lakini miguu haikupona, na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Tuna binti aliyemaliza sekondari, na mdogo wake tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kunyamaza. Siku tuliyofika huku pwani, mama mwenye nyumba alitueleza kwamba karibu kuna fukwe tatu: mmoja uko hapa chini, mzuri kuliko yote, ila unashuka ngazi ndefu za mawe, wa pili uko sokoni, una njia ya saruji mpaka karibu na maji lakini umejaa watu na vibanda, wa tatu uko mbele kidogo, penye mnara wa taa, na huko maji yakipwa mchanga unakuwa mgumu kama sakafu. Mume wangu akadakia, "Huo wa mnara ndio wangu." Nikamjibu, "Tutaona."

Siku ya kwanza nikachagua wa ngazi, nikamwambia watoto wameung'ang'ania, yeye nikamwacha barazani anatazamana na tangi la maji. Tuliporudi Chiriku akampa ganda la kombe, akaligeuzageuza mkononi, akasema, "Asante, mwanangu. Kesho mniletee na maji kwenye chupa, na mimi nioge." Watoto wakacheka, mimi nikajifanya natafuta taulo. Kesho yake nikampeleka wa sokoni, nikamweka pale saruji inapoishia, chini ya mwavuli wa muuza soda, nikampakatisha nguo na viatu vyetu vyote, na akashinda hapo kama mlinzi.

Leo ameuliza tena habari za mnara, nikasema ni mbali, jua kali, magurudumu yatazama, nikaenda zangu sokoni kununua matunda. Narudi, baba hayupo, binti hayupo, Chiriku yuko jikoni na mama mwenye nyumba anachambua mboga. "Baba kaenda baharini na dada, kwa teksi!" Mshauri, sijui nilifikaje kule. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kiti, kimesimama mchangani peke yake, kitupu. Nikakikimbilia. Ndipo nikamwona amekaa majini, maji yanamfika kifuani, binti amemshika mabega kwa nyuma, dereva wa teksi kakunja suruali yuko kando yao, na mume wangu anacheka, kile kicheko chake cha enzi za ufundi ambacho nilishakisahau.

Badala ya kushukuru niliingia majini na nguo zangu, nikapiga kelele, "Umerukwa na akili? Unataka kuniachia watoto?"

Akaniambia polepole, "Mke wangu, hapa hakuna hata wimbi. Njoo ukae."

Nikamjibu mbele za watu, "Nikae vipi? Na ukizama nani atakubeba? Si mimi ninayekubeba kila siku?"

Kicheko kikakatika. Akamwambia dereva, "Nirudishe kwenye kiti, kaka." Chumbani akanena mara moja tu: "Tangu nianguke umenivisha, umeniogesha, sikusema kitu. Sasa hata bahari unanipangia. Kesho turudi nyumbani."

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ule ufukwe wa ngazi sikuuchagua kwa ajili ya watoto. Niliuchagua kwa sababu kiti hakiwezi kushuka. Nilitaka siku moja tu nisisukume kitu, na siku ile niliogelea, nikajiona mwepesi, nikafurahi, halafu furaha yenyewe nikaionea haya. Nampenda mume wangu. Je, tufungashe? Na tukibaki, niwapeleke ufukwe gani? Hapa redio inafunguliwa asubuhi wakati wa chai na sote tunakusikiliza. Akitambua kwamba ni mimi, basi na atambue.

Mshona mapazia

*

Dada yangu mshona mapazia, msifungashe.

Pole sana. Ulishapigiwa simu mara moja kuambiwa mumeo ameanguka, jana ukaona kiti kitupu ukadhani umepigiwa mara ya pili. Hofu hiyo naielewa, wala kutamani kupumzika si dhambi. Mikono inayosukuma na kunyanyua kila siku inachoka, hata ya mke anayependa. Kosa lako ni kwamba ulichoka kimyakimya, ukawasingizia watoto. Na yale maneno ya kubeba, dada, yalikuwa makali. Ulimfokea mbele ya binti yake, basi mwombe radhi mbele ya binti yake. Usizunguke, usianze na "lakini".

Kisha mwambie ukweli: "Nilitaka siku ya peke yangu." Atakuelewa kuliko unavyodhani. Panga na binti yako siku yako, ushuke ngazi zako waziwazi, uogelee mpaka ushibe, urudi bila haya.

Huo wa mnara nendeni wote. Mama mwenye nyumba atakwambia maji yanakupwa saa ngapi. Yakianza kujaa, mtoke. Majini awe na mtu mzima mwenye nguvu, si binti peke yake, na avae boya. Miguu isiyohisi huungua mchangani bila mwenyewe kujua, kwa hiyo mtandikieni kitambaa kizito, na mkirudi mwoshe chumvi, umkague ngozi asije akapata kidonda.

Binti yako usimwadhibu. Mkalishe umwambie asimpeleke tena baba yake majini bila wewe kujua, halafu umshukuru. Alisikia ombi ambalo wewe ulikuwa unalipita.

Na wewe, shemeji yangu, kama uko hapo barazani na kikombe mkononi, sikuachi. Kuogelea ni haki yako. Kuondoka bila kuacha hata neno kwa mwanamke aliyekwisha kukulilia mara moja, hiyo si haki yako. Umemtia hofu ambayo hukuiona, kwa sababu wewe ulikuwa unacheka. Hayo mazungumzo ya kurudi nyumbani yaache. Mwanamke aliyeingia baharini na nguo zake kukufuata hastahili kuonyeshwa ukuta.

Dada, umenieleza fukwe tatu na sifa zake zote, na katika barua nzima hakuna mahali ulipomuuliza mumeo chochote. Zima redio sasa hivi. Mgeukie umuulize, "Mume wangu, leo ungependa twende wapi?" Ukishauliza, nyamaza, umsikilize mpaka amalize.