Mkanda Ulilegea Siku ya Maziko Yako

Wekesa,

Leo nimetoka Al Wakrah nimechoka mpaka mifupa. Nimefunga kamera tangu asubuhi, peke yangu, ngazi nimejishikia mwenyewe, na mudir, bosi wetu yule yule, anapiga simu kuuliza mbona kazi imechelewa. Ningemjibu nini? Hajaleta mtu mwingine. Anadhani mtu wa pili alikuwa wa kubeba waya tu.

Kitanda chako wamempa mlinzi mmoja kutoka Kampala. Ni mtu mzuri, mkimya, anakunja nguo zake vizuri na hakoromi. Hapo ndipo shida ilipo. Nilikulalamikia miaka yote kwa kukoroma, nikakutupia mto, na sasa chumba kimetulia usingizi haunishiki.

Nilipokuamsha ile asubuhi ukanyamaza, nilikugombeza, bana. Nilikwambia wacha mchezo, gari litatuacha. Niliendelea kukugombeza huku navaa soksi. Daktari alisema ni moyo, ulisimama ukiwa usingizini, na zaidi ya hapo sina la kumweleza mtu. Nimeulizwa mara nyingi sana, na kila nikijibu naona watu wanasubiri niongeze kitu.

Kampuni ilikusafirisha. Sisi ruhusa tulinyimwa, wote. Mudir alisema khalas, yamekwisha, ameshafika kwao, rudini kazini. Ukoo wako kule Bungoma walikuwa wamepanga kukuzika Jumamosi, kama kawaida. Mama yako akakataa. Nilisimuliwa kwamba alisimama mbele ya wajomba akasema maziko ni Ijumaa, kwa sababu watoto wake wa Doha hawafanyi kazi Ijumaa, nao lazima wamzike ndugu yao. Kisha akanipigia mimi. "Kilonzo," akasema, "wewe ndiye fundi huko. Fanya wote wamwone mtoto wangu akiingia ardhini. Na wewe ukae mbele."

Sasa unajua villa yetu hapa Muaither ilivyo siku ya Ijumaa. Kila mtu yuko kwenye simu anaongea na mke, anaongea na watoto, na intaneti inakufa kabisa. Ukipiga video unaona nusu ya uso wa mtu, halafu inaganda. Nikaona dawa ni ile antena ya nje, niipandishe juu ya paa iangalie mnara wa mtandao, kisha nishushe kebo mpaka sebuleni. Antena ilikuwepo, ile tuliyoitoa kwenye ile ghala tukaambiwa tuitupe. Wewe ndiye uliyeificha chini ya kitanda, ukasema itapata kazi.

Nilipopanda na drili, Ammu Idris akanifuata mpaka juu. Unamjua huyo haris wetu, mlinzi wa nyumba, hasemi sana, lakini akisema amesema. Mamnua, marufuku. Hakuna kutoboa paa, hakuna kutoboa ukuta, maji yaliwahi kupenya na mwenye nyumba akamlaumu yeye. Nilimweleza ni kwa ajili yako. Akaweka mkono kifuani, akakuombea rehema, kisha akarudia palepale kwamba hakuna kutoboa. Kilichobaki ni bomba la moshi la jikoni, lile pana la bati, na ile mikanda ya chuma ya kuzungushia.

Hiyo kazi ulinifundisha wewe, Al Thumama, juu ya ule mgahawa wa biriani. Mikanda miwili, mmoja chini, mmoja juu, uiachanishe vizuri ili paipu ya antena isipate nafasi ya kuyumba. Unaikaza kidogo kidogo kwa zamu, huu, halafu ule, mpaka breketi iume. Na ulinikalisha kwenye kivuli cha tangi tungoje jiko lizimwe kwanza. Nilinung'unika sana siku hiyo, nilitaka kwenda kulala. Ukashuka ukaleta chai ya karak, ukasema, "Funga bomba likiwa baridi. Likiwa moto limevimba, likipoa litajivuta na mkanda utabaki unacheza." Tukanywa, tukasengenya mudir, bomba likapoa. Ulipomaliza uliipiga ile paipu kofi ukasema hata mudir akining'inia hapa haanguki. Mpaka leo antena ya ule mgahawa haijasogea. Huwa naangalia nikipita na gari.

Kwa hiyo nilijua. Nataka ujue kwamba nilijua. Lakini Ijumaa ile Mama Apio alikuwa jikoni tangu alfajiri. Si unamjua, anatupikia sisi wote kama tulizaliwa naye Tororo. Alikuwa na sufuria la maharage, chapati, na chai ya wageni, maana watu walikuja kutoka kila upande, manesi wa Al Wakrah, madereva, watu wa ushirika na kwaya yao. Bomba lilikuwa moto kiasi kwamba nilijiunguza kiwiko. Ningemwambia azime jiko, na nyumba ina msiba, wageni wako mlangoni? Nikapiga hesabu yangu. Chai haitakatika mpaka jioni. Bomba likae moto, mkanda ukae umekaza, tukishakuzika nitapanda nirekebishe. Nikakaza mpaka nati ikafika mwisho wa bolti.

Na picha ilikuja, Wekesa. Safi. Tulitandika shuka ukutani, watu wa ushirika wakaleta projekta, na binamu yako kule nyumbani alikuwa ameshika simu anarusha kila kitu moja kwa moja. Nikaona boma lenu. Nikaona migomba uliyokuwa ukinisimulia, na ule ukuta wa nyumba ya Mama ambao ulituma rangi wakaupaka vibaya. Wamepaka vibaya kweli, hukutia chumvi. Sebule ilijaa mpaka kwenye ngazi. Waislamu wetu walitoka kuswali wakaja moja kwa moja, Ammu Idris akavua viatu akakaa mlangoni. Mimi niliachiwa kiti cha mbele kama Mama alivyoagiza.

Mchungaji alimaliza kuhubiri, wakakutoa ndani. Niliona sanduku likipita mlangoni na wajomba zako wakiinama. Wakati huo huo Mama Apio aliingia na wale akina dada waliokuwa wakimsaidia, wakasimama wamejipanga ukutani na aproni zao, mikono imelowa. Nilifurahi kuwaona. Nilifikiri, vizuri, nao wamwone. Sikujiuliza nani kabaki jikoni.

Hakubaki mtu. Alikuwa amezima gesi yote. Alinieleza baadaye kwamba nyanya yake alimlea hivyo, mwili ukitolewa nje hakuna sufuria inayobaki motoni, wanawake wanatoka jikoni wanasimama. Hakumwuliza mtu ruhusa kwa sababu kwake si jambo la kuuliza.

Walikuwa wamefika karibu na kaburi picha ilipoganda. Iligandia kwenye bega la mjomba wako. Nikangoja kidogo, watu wakanigeukia, kisha nikakimbia juu. Bomba lilikuwa linapoa na mkanda wa juu ulikuwa umelegea, kidole kilipita. Upepo ulikuwa umeigeuza antena inaangalia matangi ya maji. Nilishika spana, lakini nati ilikuwa mwisho, hapakuwa na mahali pa kukaza zaidi. Ningefungua yote nianze upya, nivute mkanda, nirudishe, na kabla sijamaliza ungekuwa umeshafukiwa na watu wote kule chini wanaangalia bega la mjomba.

Basi nikaigeuza kwa mikono nikaishika. Otieno, mwenzetu wa hapa villa, alisimama kwenye ngazi akawa ananipazia sauti. Kushoto. Umepitisha. Rudi. Hapo hapo, usitingishike. Unakumbuka ulinisimulia jinsi baba yako alivyokuwa akikutuma nje uizungushe antena wakati wa mpira, na kila ukiipata vizuri wenzako wanaona goli na wewe uko nje umekumbatia mti? Ulikuwa ukicheka mpaka unakohoa. Nami nilisimama hivyo, kifua kimegusa bomba, jua la Doha kichwani. Kila nilipolegeza kidogo Otieno aliniita jina.

Nilisikia kwaya ikianza kule chini. Kisha wimbo ukaisha. Nikamwuliza Otieno wamefika wapi. Akasema, taratibu, sauti ya mtu anayeona haya, "Wanateremsha." Nikasikia wanawake wakilia, sijui kama ni wa Bungoma au ni wa kwetu sebuleni. Nililia pia, nikashindwa kujifuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Otieno alirudi ndani akatazama, akatoka tena, akaniambia wanaweka udongo. Niliendelea kushika mpaka aliponigusa bega akasema imetosha, wamemaliza, wanaweka maua.

Niliposhuka watu walikuwa wanakumbatiana. Wamekuona wote. Ammu Idris alikuwa analia waziwazi, mzee wa watu. Mama Apio alipoelewa kilichotokea alikaa chini akajishika kichwa. Nilimwinua. Nilimwambia hakukosea, na sisemi hivyo kumbembeleza. Mgeni wa nchi nyingine alikuzimia moto kwa heshima, mimi nimlaumu kwa nini.

Kesho yake asubuhi, jiko likiwa baridi, nilipanda nikafungua mikanda yote miwili, nikafuta mafuta kwenye bati, nikafunga upya. Imekaa. Vijana wanaitumia Ijumaa kupiga simu nyumbani na hakuna anayeganda siku hizi. Ammu Idris huwapeleka wageni wake juu kuwaonyesha kazi isiyotoboa paa.

Lakini mimi siko sawa. Kazini bado nanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, nimeshika bolti, nangoja uipokee. Nikiongea na watu nasema "Wekesa anasema hivi", na wanainamisha macho. Wao husema marehemu, neno linawatoka vizuri, wamelizoea. Kwangu halitoki. Nilifikiri ni uchovu. Nilifikiri ni kukosa usingizi. Sasa nimeelewa. Wenzangu wote walikuzika, na mimi nilikuwa nimeshika paipu.

Mama yako alinipigia jioni ile ile ya maziko. Aliuliza kama wote tuliona. Nikasema wote, Mama. Akamshukuru Mungu kwa sauti ndefu, akasema sasa anaweza kulala. Sikuweza kumwongezea la kwangu. Binamu yako amenitumia ile video nzima, iko hapa kwenye simu. Otieno ananiambia niifungue niitazame yaishe. Nimejaribu. Naona boma, naona mlango, kisha naizima. Sitaki kukuona ukizikwa kwenye kitu ninachoweza kukirudisha nyuma.

Likizo yangu ikitoka sitaanzia Kitui. Wa kwetu nitawaeleza, watanielewa, na wasiponielewa watanizoea. Nitashuka Nairobi nipande gari la Bungoma nikiwa bado na vumbi la safari, nifike kwa Mama yako, na kabla hajaniwekea chai nimwambie ukweli kwamba siku ile kulikuwa na mtoto mmoja ambaye hakuona. Nitamwomba jembe. Najua kaburi litakuwa limeshaota nyasi, na majirani watashangaa mtu anayepiga magoti kuweka udongo juu ya udongo. Acha washangae.

Lala, ndugu yangu. Nakuja kukuzika.

Kilonzo